Tanuru Linapojizima, Liulizwe Kwanza

Katika miji yenye baridi kali kama Chicago na Toronto, nyumba nyingi hupashwa joto na tanuru la gesi lililowekwa katika chumba cha chini. Hutokea kwamba tanuru huwaka, huunguruma kidogo, kisha hujizima. Huwaka tena, hujizima tena. Mwenye nyumba hukasirika, akasema kwamba mashine imeharibika. Kauli hiyo ni ya haraka mno. Mara nyingi mashine inatimiza wajibu wake barabara: imeona hatari, au imeshindwa kuthibitisha kwamba hatari haipo, ikafunga gesi. Kosa liko mahali pengine, na kujizima ndiyo habari yake.

Habari hiyo husomwa kwa saa. Tanuru la kisasa hufuata utaratibu usiobadilika. Kwanza feni ndogo huanza kuutoa moshi nje, na swichi ya mgandamizo wa hewa huhakikisha kwamba njia ya moshi i wazi. Ndipo kiwashio hupata moto, vali hufunguka, gesi huwaka. Baadaye kidogo feni kubwa huipitisha hewa ya nyumba juu ya kuta za chuma zilizopata joto. Basi tanuru likikoma kabla ya gesi kuwaka, la kutazamwa kwanza ni bomba la moshi: pengine limezibwa na theluji au kiota cha ndege. Likijizima baada ya dakika kadhaa, huku feni kubwa ikiendelea kuvuma, huenda chujio la hewa limejaa vumbi. Chuma kimepata joto kupita kiasi, na swichi ya joto imekata. Likijizima sekunde chache tu baada ya kuwaka, shaka huuangukia ufito wa chuma unaotambua moto.

Ufito huo una fizikia nzuri. Mwali wa moto una ioni, kwa hiyo hupitisha umeme. Tena huupitisha zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mkondo geu unaopelekwa kwenye ufito hutoka ukiwa mkondo wa upande mmoja, mdogo mno, sehemu chache tu za milioni moja ya ampea. Ukikosekana, vali hufungwa. Ufito ukishika utando mwembamba wa uchafu, moto huwaka bila kutambuliwa. Kuusugua taratibu kwa nyuzi laini za chuma, gesi na umeme vikiwa vimefungwa, mara nyingi hutosha.

La kulaumiwa ni desturi ya kumnyamazisha mlinzi. Wako wanaounganisha waya kuiruka swichi ili tanuru lisikome. Bomba likiwa limeziba, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kujaa vyumbani. Ndiyo gesi ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Wala kosa hilo halihitaji nchi ya baridi. Anayeweka waya mnene mahali pa fyuzi iliyokatika, iwe Mwanza au Mombasa, amelitenda.

Hapa maabara za shule nazo zina sehemu yao ya lawama. Hufundisha saketi inayofanya kazi. Isiyofanya kazi hurudishwa kabatini kabla mwanafunzi hajaiona. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuchora saketi kwa ustadi, lakini balbu isipowaka hajui aanzie wapi. Ingefaa mwalimu aiharibu saketi kwa makusudi kabla ya kipindi, na maksi azitoe kwa mpangilio wa maswali ya mwanafunzi, si kwa balbu kuwaka tu. Na kwa somo la mwali kupitisha umeme, tanuru halihitajiki: elektroskopu iliyochajiwa ikisogezewa njiti ya kibiriti inayowaka, jani lake hushuka papo hapo.