Maji meupe si lazima yawe salama

KUTOKA UKINGONI
Na Mwanajuma Komora

Nyumbani kwetu Kinakomba, kaunti ya Tana River, Kenya, mtungi wa maji ya mto Tana ulikuwa ukiwekwa pembeni jioni, na hakuna aliyeugusa mpaka asubuhi. Mama alikoroga shabu ndani yake kwa mwiko, kisha akatukataza hata kuutikisa. Kukipambazuka, maji ya juu yanang'aa, na chini tope limelala zito kama uji. Tuliyateka kwa kata tukanywa, tukiamini kazi imekwisha. Tumbo la kuendesha lilipotushika, tulilaumu maembe.

Ndiyo maana habari za Dkt. Askwar Hilonga hunigusa kuliko za mvumbuzi yeyote wa ng'ambo. Ni mtoto wa Gongali, kijiji cha Karatu, Tanzania, aliyeyajua maradhi ya maji machafu tangu utotoni. Alisomea uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015 chujio lake la maji lilimpa tuzo ya kwanza kabisa ya uvumbuzi wa kihandisi Afrika, itolewayo na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza: pauni 25,000.

Chujio hilo lina mchanga, kitu tusichokikosa huku. Mchanga hunasa uchafu na vijidudu vingi, ila floridi na metali zilizoyeyuka hupenya. Hizo hunaswa na chembe ndogo mno za nano, zinazotayarishwa kufuatana na maji ya mahali penyewe. Hapo ndipo ninapompa heko. Kule Arusha floridi hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kwingine tatizo ni jingine kabisa. Hilonga huanza kwa kuuliza: maji haya yana nini?

Kwetu nani ameuliza? Mafuriko ya 2023 na 2024 yalipotukumba, vidonge vya kutibu maji vilisaidia, na nashukuru kwa dhati. Lakini vidonge huisha, na kama mto umebeba dawa za mashambani au metali, havina la kufanya.

Naiomba kaunti ipime maji ya kila mahali tunapochota, kuanzia Kinakomba hadi Garsen, na majibu yabandikwe shuleni na kwenye zahanati, kwa Kiswahili, akina mama wayasome. Chupa moja ipelekwe Arusha kwa Hilonga. Isiwe ya maji yaliyotulizwa kwa shabu. Ichotwe mtoni vilevile, na tope lake.