Mwalimu wa Nyuzi Naye Alipwe Mshahara

Wako wananchi wanaoshikilia kuwa chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi akaibana baina ya magoti, ni muziki wa Wazungu usiotuhusu sisi wa Bungoma na Kitale. Nawauliza hao: je, siilili ni kitu gani? Siilili ya Wabukusu hupigwa kwa upinde vilevile, na sauti hutafutwa kwa kidole bila alama yoyote ya kuonyesha pa kugusa. Sikio ndilo linaloamua. Mtoto aliyezoea kazi hiyo hatababaishwa na nyuzi nne za chelo.

Linaloniudhi mimi ni jinsi tunavyomtendea anayefundisha. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, linapokaribia, mzee mpiga litungu huitwa shuleni mbio mbio. Hufundisha wiki mbili tatu, watoto wakashinda kombe, picha zikapigwa, naye akapewa nauli na soda. Mwaka ujao ataitwa tena, kama yu hai.

Kazi ya nyuzi haijengwi hivyo. Pablo Casals, bingwa wa chelo kutoka Catalonia aliyefariki 1973 akiwa na miaka 96, alizipata nota za Bach za chelo pekee katika duka moja la Barcelona akiwa kijana wa miaka 13. Alizifanyia mazoezi kama miaka 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani. Huku Trans Nzoia nani angekaa na jambo moja muda huo wote? Labda mwenye ekari nyingi za mahindi!

Tena wapo wanaopiga wanne wanne, fidla mbili, viola moja na chelo moja, bila kiongozi wa kuwapungia mkono. Hapo kila mmoja hana budi kuwasikiliza wenzake, na usikivu huo haufundishwi kwa wiki mbili.

Kijana wetu atakaye chelo hutazama Nairobi, karibu kilomita 400, ambako Kenya Conservatoire of Music imefundisha tangu 1944. Akihitimu, arudi nyumbani kwa mwajiri yupi?

Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Vyema. Walimu wa shule huajiriwa na TSC, hilo nalijua, lakini shughuli za utamaduni Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti. Basi Bungoma na Trans Nzoia kila moja iajiri walimu wawili: wa litungu na siilili, na wa fidla na chelo. Wafundishe pamoja kila Jumamosi. Kitale kuna uwanja wa makumbusho, Bungoma kuna kumbi. Waanze na watoto ishirini tu. Na yule mzee wa litungu aandikiwe barua ya kazi kama mtumishi mwingine yeyote, alipwe kila mwisho wa mwezi, hata miezi isiyo na tamasha.