Roshani Si Baraza

Katika mazoezi yetu ya tafsiri, matangazo ya meli za kitalii yameleta mtindo ninaoupinga. Wenzangu huandika "chumba chenye baraza", na walimu wanapitisha. Kile kijisehemu cha viti viwili na kimeza, kinachoning'inia ubavuni mwa meli na kutengwa na cha jirani kwa ubao, ni roshani. Ukikiita baraza, umemzawadia mfanyabiashara neno ambalo hakulilipia.

Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar. Baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa ukutani, nje ya nyumba, kikitazama njia. Mwenye nyumba amekijenga kwa fedha zake, lakini mpita njia hukaa, hunywa kahawa, hucheza bao, hupata habari. Si ajabu neno hilohilo likabeba wazee, mawaziri, na hata Baraza letu la Jiji la Mbale. Roshani ya melini inakaliwa na nani? Na aliyelipa.

Wako watakaosema meli haziwezi kuwa vingine. Zimekuwa. Iliwahi kuwepo meli iliyoitwa Uganda, jina la nchi isiyo na bahari, iliyoshushwa majini Glasgow mwaka 1952 kwa safari za Uingereza na Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikageuzwa kuwa meli ya masomo: mamia ya wanafunzi walilala katika mabweni, na wakitaka kuona bahari walipanda sitahani, pamoja. (Walikuwa watoto wa Uingereza hasa, si wa Bugisu, sisemi ilikuwa pepo.) Mwaka 1984 ikaja Royal Princess, yenye roshani nyingi za faragha, na kampuni nyingine zikafuata. Leo chumba kisicho na dirisha kina bei yake, chenye dirisha bei yake, chenye roshani bei yake. Upepo uleule wa bahari umekatwa vipande na kuuzwa.

Mtaniuliza: sisi wa Mbale meli zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu ramani ileile imepanda milima hadi huku. Tazameni Namatala, katika Divisheni ya Industrial. Mizigo ya zamani, vyumba vilivyopangana mstari mmoja, ina kibaraza kimoja kirefu mbele. Hapo sigiri zinawashwa, sahani zinaoshwa, mtoto wa huyu anaangaliwa na yule, na mgonjwa asipofungua mlango asubuhi, watu wanauliza. Sasa yanajengwa maghorofa ya kupangisha ambamo kila chumba kina kijiroshani chake chenye nondo, upana wa godoro, na kodi inapanda kwa ajili yake. Ukumbi wa pamoja umeliwa. Kinachobaki ni ngazi yenye giza.

Nasikia hoja ya wenzangu wa kike: kibarazani hakuna faragha, na nguo zikianikwa zinaibwa. Kuhusu nguo nakubali kabisa. Faragha nayo ni haki. Lakini mlango na pazia vinaitoa bila kuondoa mahali pa kukutania. Halafu, nondo zile za kumzuia mwizi zinamzuia pia jirani anayekuja kuokoa moto ukiwaka. Mji ambao mito ya Nabuyonga na Namatala iliufurikia Julai 2022, watu wakafa, hauwezi kumudu wapangaji wasiojua nani analala mlango wa pili.

Ramani za majengo hupitia Baraza la Jiji. Lisipitishe ghorofa la kupangisha lisilo na ukumbi wa wazi wa wapangaji wote katika kila orofa. Mwenye kutaka roshani juu ya hapo, aijenge.

Nami katika zoezi lijalo la tafsiri nitaandika roshani. Mwalimu akiona vema kukata alama, akate.