Injini Mpya, Miguu Mikongwe

Mtu akisema kuwa analitia gari la zamani injini nyingine, swali analoulizwa ni moja tu: injini gani? Hakuna anayemwuliza springi zake zina umri gani, wala magurudumu yake yanashikwa na nini. Hata stakabadhi ya umiliki, ambayo wengi wetu tunaiita logibuku, ina desturi hiyo hiyo. Humo mna nambari ya injini na ukubwa wake kwa sentimita za ujazo, mna rangi ya gari na idadi ya ekseli zake. Kuhusu springi na shokomzoba, kimya. Nadhani kimya hicho kinafaa kujadiliwa na walimu na wanafunzi, hasa wa fizikia na ufundi, maadam wako vijana walioingiwa na mapenzi ya kuyafufua magari ya michezo ya miaka ya 1960 na 1970, na wengi wao huanzia mahali pasipofaa.

Msomaji atauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini chini ya gari. Natafuta maneno. Lichukue hili neno shokomzoba, ambalo vijana siku hizi hulifupisha likawa shoki. Katika Kiingereza, sauti b na z hugongana katikati ya neno lenyewe. Kiswahili hakiupendi mgongano huo, na yaelekea ndiyo sababu b ikageuzwa m, kwa kuwa m mbele ya z imezoeleka kinywani, kama katika mzazi na mzigo. Vokali zikapachikwa panapostahili, neno likawa letu. Watu hawajipi taabu ya kulitafuna neno geni kiasi hicho ikiwa hawana haja nalo kila siku. Springi, bushi na shokomzoba zimesilimu katika lugha yetu kwa sababu barabara zetu zimekuwa zikizivunja tangu magari yaingie nchini. Maneno ya majigambo, yale ya tabo na nguvu za farasi, yamekuja juzi na bado yananukia dukani.

Hata hivyo, jina hilo lina udanganyifu ndani yake. Linadai kwamba kifaa hicho hufyonza kishindo. Si kweli. Kishindo hupokewa na springi. Shokomzoba huituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya shimo kupita. Wahandisi wa Uingereza wenyewe hupendelea kukiita kwa neno lenye maana ya kituliza mtikisiko. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mtu anayedhani kuwa shokomzoba ndiyo inayobeba gari atanunua shokomzoba mpya ghali, azifunge juu ya springi zilizochoka, kisha ashangae kwa nini gari bado linakwaruza matuta.

Tuchukue mfano mmoja ambao una ukoo na nchi hii. Datsun 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na katika mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakaipeleka kwenye ushindi wa Safari Rally. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ushindi huo kwa gari la aina hiyo hiyo. Ilikuwa na injini ya silinda sita yenye lita 2.4, na kwa kipimo cha Kimarekani cha wakati huo ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 151. Mbele na nyuma, kila gurudumu lilijitegemea, likiwa limeshikwa chini na mkono wake, na juu likibebwa na nguzo moja iliyounganisha springi na shokomzoba. Breki za mbele zilikuwa za sahani, za nyuma za ngoma. Tairi zilikuwa nyembamba, milimita 175. Kila kitu kilipimwa kwa kuzingatia kingine.

Sasa waje wajukuu wa gari hilo. Mmoja anataka kulitia injini ya alumini ya V8 ya lita 5.7 kutoka Marekani, ambayo ilipowekwa katika Corvette ya 1997 ilikuwa na nguvu za farasi 345. Hata tukikumbuka kuwa vipimo vya mwaka 1970 vilikuwa vikarimu, hizo ni zaidi ya maradufu. Mwingine anaitaka ile ya silinda sita ya Nissan Skyline GT-R, yenye bloku ya chuma na tabo mbili, ambayo inaielemea ekseli ya mbele. Katika hali ya kwanza uzito haubadiliki sana, lakini kila unapokanyaga mafuta mkia wa gari huchutama, pua huinuka, na usukani huwa mwepesi pale hasa unapouhitaji uwe mzito. Katika hali ya pili springi za mbele hulala kabla hata gari halijaondoka gerejini. Katika hali zote mbili, gari litafika kwenye kona likiwa na kasi ambayo bushi zake, tairi zake na breki zake hazikupata kuiota.

Wenye viwanda walilijua jambo hili mapema, na wengine walijifunza huku wateja wakitazama. Kampuni ndogo ya AC ya Uingereza ilikuwa na gari la michezo jepesi liitwalo Ace, lililobebwa na springi za majani zilizolazwa kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mwaka wa 1962 Mmarekani Carroll Shelby akalitia injini ya V8 ya Ford, lita 4.2, likazaliwa gari maarufu la Cobra. Baadaye injini ikapanda hadi lita 4.7, na fremu ile ya asili ikajikaza. Alipotaka kutia injini ya lita 7, ilibidi kusimama. Gari la 1965 lilipewa fremu mpya, mabomba yake makuu mawili yakakuzwa kutoka kipenyo cha inchi 3 hadi 4, na springi za majani zikatupwa, mahali pake pakawekwa za kuviringa. Watu hukumbuka lita 7. Mimi hukumbuka inchi ile moja iliyoongezwa.

Triumph nao walitoa GT6 mwaka wa 1966, kwa kuichukua injini ya silinda sita na kuiweka katika umbo dogo la Spitfire bila kuibadilisha vya kutosha miguu ya nyuma. Lawama zilikuwa nyingi, na mwaka wa 1968 wakaiunda upya sehemu hiyo ya nyuma. Ikiwa kampuni yenye wahandisi na uwanja wa majaribio ilihitaji miaka miwili kukiri hilo, kijana mwenye spana na jeki anapaswa kujihadhari zaidi.

Lakini mambo yalivyo, atakayeshauriwa aboreshe springi atafanya nini? Atazikata. Namna hii ya kushusha gari imeenea kiasi kwamba wengine huiona kuwa ndiyo maana yenyewe ya kuboresha. Hapa ndipo ninapowaomba walimu wa fizikia wanisikilize. Kila mwanafunzi wa shule ya upili ametundika mawe ya mizani kwenye springi na kuchora mstari ulionyooka, akiifuata kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka wa 1678. Mwulize: springi ina mizunguko minane inayofanya kazi, ukikata miwili, ugumu wake utakuwaje? Aliyesoma atajibu upesi kuwa ugumu huongezeka kwa uwiano wa nane kwa sita, yaani asilimia 33 hivi. Atapata alama zote. Jumamosi inayofuata mwanafunzi huyo huyo atashika mashine ya kukatia vyuma bila kukumbuka kuwa alishalijibu swali hilo. Hatajiuliza kama shokomzoba ya zamani inaweza kuituliza springi iliyokuwa kali hivyo. Wala hatajiuliza ni sentimita ngapi zimebaki kabla mkono haujagota kwenye mpira wa kizuizi. Ukigota katikati ya kona, springi ni kana kwamba haipo tena. Tairi huachia ghafla, bila onyo, na gari lenye nguvu nyuma huzunguka.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, na ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuwa somo zima. Gari kama 240Z likiwa katika kimo chake cha kiwandani, mikono yake ya chini huteremka kidogo kuelekea nje. Lishushe sentimita tano, na ncha za nje za mikono hiyo zitapanda. Hapo ile nukta ambayo gari hulalia likikata kona hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito wake. Umbali kati ya viwili hivyo ndio wenzo unaolilaza gari, nao sasa umerefuka. Kwa hiyo, gari lililoshushwa ili lisilale sana laweza kupata sababu zaidi ya kulala! Isitoshe, fito za usukani hubadili pembe zao, na kila tuta huyapinda magurudumu bila dereva kuugusa usukani. Dawa yake ni kipande kinene cha chuma kinachowekwa chini ya nguzo ili mkono urudi kwenye mteremko wake. Si kitu cha kifahari, na hakuna atakayekipiga picha.

Wako watakaonipinga kwa hoja kwamba gari la kale ni turathi, lisiguswe. Naiheshimu hoja hiyo inapotolewa na mtu aliyeiacha injini ya asili mahali pake. Aliyeing'oa injini amekwisha kuivuka mipaka ya turathi. Hawezi kurudi nyuma na kujificha humo inapofika zamu ya bushi.

Wako pia wanaosema kuwa nguvu ndizo zinazoshinda. Mwaka wa 1974, katika Safari Rally, Joginder Singh aliendesha Mitsubishi Lancer ya sentimita za ujazo 1600, akaishinda Porsche 911 ya lita 2.7 iliyokuwa ikiendeshwa na Björn Waldegård, ambaye hakuwa dereva wa kubahatisha. Njia ya Safari haikupata kumwuliza mtu nguvu za farasi kabla ya kumwuliza amesimama juu ya nini. Tangu 2003, mashindano ya Safari ya magari ya zamani yameyaleta tena magari kama hayo katika nchi hii, na mwenye shaka na aende kwenye kambi ya matengenezo jioni ahesabu ni mafundi wangapi walioinama chini ya gari kwa kila mmoja aliyeinama juu ya injini.

Namjua mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliyerithi gari la aina hii kutoka kwa mjomba wake. Alikuwa amekwisha kununua injini ya V8, nayo ikawa inamngoja katika sanduku la mbao. Alinialika nimsindikize kwa fundi, mzee wa makamo ambaye mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto.

"Mzee, nataka tuanze kukata sehemu ya kuiketisha injini," kijana akasema.

"Itakaa, kijana wangu," fundi akajibu. "Injini haikimbii. Nionyeshe kwanza mikono ya chini inashika wapi."

Akalala chini, akachukua bisibisi, akausukuma kwenye boriti ya chuma iliyo karibu na mahali bushi ya mbele inapofungwa. Bisibisi uliingia hadi kwenye mpini. Kutu ilikuwa imekwisha kulila lile gari kwa ndani, na rangi ya nje iking'aa. Fundi hakusema neno. Alitoka, akapangusa mikono, akamwomba kijana karatasi na kalamu.

Orodha aliyoiandika ninayo nakala yake, na ningependa kila mwalimu wa ufundi aione. Kwanza boriti zote mbili zikatwe na kuundwa upya. Kisha bushi zote, boljointi na fito za usukani. Kisha breki, mbele na nyuma. Halafu gari lipimwe uzito katika kila gurudumu, likiwa na mifuko ya mchanga yenye uzito wa injini mpya mahali pake, ndipo springi zichaguliwe na shokomzoba zilingane nazo. Injini aliiandika ya mwisho, kwa herufi ndogo, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Kijana alinuna kwa wiki mbili. Sasa anachomelea boriti ya kushoto kila Jumamosi, na sanduku la injini analitumia kama meza ya kuwekea chai.