Yule Jacob Wamemwonea

Ndugu zangu, wiki hii nilipanga kuandika kuhusu bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Dagaa watasubiri. Juzi Jumamosi chumba cha habari kilikuwa kimepoa, hakuna ajali, hakuna waziri aliyekuja mjini, na kijana mmoja aliyeko kwetu kwa mafunzo kwa vitendo akatamka mbele ya watu wazima kwamba sizoni ya tano ya Prison Break ndiyo tamu kuliko zote. Nikajikuta nimesimama. Tulibishana mpaka mhariri akauliza kama kazi zimekwisha. Nikaondoka na dukuduku, nikaitafuta tena ile sizoni, nikaiangalia sehemu zote tisa kwa usiku mbili. Leo nalitoa. Kama hujaiona na una mpango wa kuiona, ishia hapa, usije ukanilaumu.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi ni mtoto wa Prison Break. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda cha video Igogo. Kilikuwa cha mabati, mabenchi sita, televisheni moja yenye kichogo, deki ya DVD, na turubai mlangoni ili wasiolipa wasichungulie. Mtoto shilingi mia, mtu mzima mia mbili. Mimi niliingia bure kwa sharti la kufagia. Zile DVD zilizobeba sizoni nzima kwenye sahani moja zilipofika mjini, mjomba hakusubiri zipatikane zilizotafsiriwa. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akatafsiri mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo pale aliposhindwa alitunga. Mpaka leo kuna maneno ya Michael Scofield ninayoyakumbuka vizuri, na nina hakika Scofield hakuyasema kamwe.

Sizoni ya kwanza ilianza kuoneshwa Marekani Agosti 2005, na kwetu ilituingia kwa sababu hadithi yake anaielewa yeyote mwenye ndugu. Lincoln Burrows amehukumiwa kufa kwa kosa ambalo hakulifanya. Mdogo wake, injinia, anajifanya mwizi wa benki ili afungwe gereza lile lile, ramani ya jengo ikiwa imechorwa mwilini mwake kama tatuu. Basi. Picha zilipigwa katika gereza la kweli la Joliet, jimbo la Illinois, lililokuwa limefungwa mwaka 2002, na unaona kabisa kwamba zile kuta si za maboksi. Halafu kila kitu kilikuwa na bei. Michael akitaka kifaa, analipa. Akimkorofisha mkubwa wa genge, anakatwa vidole vya mguu, na sehemu inayofuata bado anachechemea. Ndiyo maana tulikaa kwenye mabenchi yale bila kupepesa macho.

Baadaye mambo yakalegea, hilo nalikubali. Sizoni ya pili ikawa mbio. Ya tatu ikatupeleka gereza la Sona kule Panama, ikakatwa ikaishia sehemu 13 kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kati ya Novemba 2007 na Februari 2008. Humo tukaoneshwa kichwa cha daktari Sara Tancredi ndani ya boksi. Sizoni ya nne Sara akarudi, mzima, na maelezo ya juu juu. Pale ndipo tulipaswa kushtuka. Lakini mwaka 2009 hadithi ilipofungwa, tulisamehe yote, kwa sababu walimuua Michael. Tulioneshwa kaburi lake, na ile filamu ya kufungia, The Final Break, ikatuonesha alivyokufa: alikubali kupigwa na umeme ili mlango ufunguke na Sara, akiwa mjamzito, atoke gerezani. Pale Igogo watu wazima walitoka nje ya kibanda bila kuongea. Mjomba alizima deki, akasema, "Huyo ndiye ndugu."

Sasa nisogee kwenye jambo lenyewe, na naomba mnivumilie maana ni la nyumbani.

Februari 2010 kulitokea ugomvi kilabuni, jirani na kibanda. Mtu mmoja akafa. Polisi walipofika walikamata waliokuwepo, na mjomba alikuwepo. Kwetu kosa la mauaji halina dhamana. Kwa hiyo tukaanza kwenda mahakamani kila baada ya wiki mbili: mama, bibi, mimi nikiwa na umri wa miaka 12 na sare za shule, na mke wa mjomba akiwa na binti yao wa miaka miwili mgongoni. Karandinga linafika, wanashushwa, wanapandishwa kizimbani. Hakimu anawaambia hawatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika. Tarehe nyingine inatajwa. Karandinga linaondoka. Dakika tano, nyingine hazifiki. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna tamthilia ambayo kila sehemu yake inafanana na iliyotangulia, na wewe huna kijiti cha kuitafsiri.

Aliachiwa Agosti 2016. Upande wa mashtaka ulisema hauna nia ya kuendelea na shauri. Miaka sita na nusu iliishia kwenye sentensi moja. Hakuna aliyesema ana hatia, na hakuna aliyesema hana.

Mke wake alikuwa amengoja miaka mitatu. Aliuza televisheni, akauza mabenchi, akauza mabati, kisha akarudi kwao Sengerema. Huko akaolewa na fundi cherehani. Sisi upande wa huku tulimsema sana yule mama, na naona haya kuandika hivyo, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimpelekea unga.

Mjomba alivuka na kivuko pale Kigongo kwenda Busisi, akaenda kumwona mtoto. Yule fundi alimpokea vizuri. Alitoa kiti, akatuma sato aletwe, akamwonesha risiti za ada za shule tangu darasa la kwanza, si kwa kujigamba, bali kama mtu anayekabidhi ofisi. Binti alikuwa na miaka minane. Alikuja akapiga goti, akasema shikamoo, kisha akamgeukia fundi akamuuliza, "Baba, mgeni analala?" Mjomba hakulala. Alirudi na kivuko cha mwisho.

Mwisho wa mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa kwanza SAUT, nimepanga chumba Malimbe. Mjomba akaja kunitembelea, akakuta nimenakili sizoni ya tano kutoka kwenye flashi ya rafiki. Ilikuwa imeoneshwa Marekani kuanzia Aprili hadi Mei mwaka ule. Akashangaa. "Si walimzika?" Nikamwambia amefufuka, mjomba. Akacheka, akavuta ndoo akaikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2010 tunaangalia pamoja.

Kwa ambao mmesahau: Michael hakufa. Yuko hai kwenye gereza la Ogygia, mjini Sana'a, Yemen, kwa jina la Kaniel Outis. Miaka saba imepita. Sara ameolewa na profesa mmoja anayeitwa Jacob, mpole, mtaratibu, na mtoto wa Michael anamwita baba. Lincoln na C-Note wanasafiri kwenda kumtoa ndugu yao.

Naomba mtazame walichokuwa nacho mkononi waandishi wale. Mtu anarudi kutoka gerezani baada ya miaka saba. Mke ana mume. Mtoto ana baba. Hakuna aliyekosea. Huyu alifungwa, yule aliambiwa ni mjane, na huyu wa tatu alikuta nyumba ina mtoto akamlea. Wote watatu wana haki, na nyumba ni moja. Hiyo peke yake ilitosha kwa sizoni tisa, achilia mbali sehemu tisa. Mjomba alikuwa ameiacha ile ndoo, ameketi sakafuni, uso karibu na kioo. Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja kuona Michael atasema nini akifika mlangoni.

Basi katikati ya sizoni tukaambiwa kwamba Jacob ndiye Poseidon. Yule mume mpole ndiye jasusi muasi aliyepanga yote: ndiye aliyemtenga Michael na familia yake, ndiye aliyemvisha jina la gaidi, na nyumba aliichukua kwa hila. Kuanzia hapo hakuna swali tena. Michael akirudi harudi kuomba, anarudi kuchukua kilicho chake, na wewe mtazamaji unatakiwa upige makofi. Mwishoni Jacob anatupwa Fox River, chumba kimoja na T-Bag ambaye ana kisasi naye, na familia inakutana tena, inacheka, kana kwamba miaka saba ilikuwa safari ya kikazi.

Mjomba hakupiga makofi. Alinyoosha mgongo, akasema, "Yule Jacob wamemwonea."

Nikamwambia, lakini mjomba, yule ni muuaji.

"Wamemfanya muuaji ili jamaa apate njia ya kuingia nyumbani. Mtu amelea mtoto wa mwenzake miaka saba. Sasa wangefanyaje? Wangemwambia Scofield akae kwenye kiti, aletewe samaki, kisha aage? Nani angelipa kuangalia hiyo?" Akavaa viatu. "Ingekuwa rahisi hivyo, mjomba."

Hilo ndilo dukuduku langu, na kijana wetu wa mafunzo kama anasoma aelewe kwamba sikumpigia kelele kwa sababu ya Yemen. Makosa ya Yemen ni mengi: nchi iliyokuwa kwenye vita vya kweli tangu 2015 imefanywa mandhari ya kukimbilia, na picha zenyewe zilipigwa Morocco. Nayaacha. Kufufuka kwa Michael nako ningekumeza, maana Sara alishatufundisha kwamba humo ndani watu hufufuka. Kosa ambalo silisamehi ni kwamba tamthilia iliyoanza kwa kutuonesha kila kitu kina bei, imemalizia kwa kufuta deni lote kwa kalamu. Gereza halimli aliye ndani tu, linamla na aliye nje, na hakuna komandoo wa kumpiga risasi ili miaka irudi. Waandishi walilijua hilo, la sivyo wasingemweka Jacob mezani. Walilichungulia swali, wakaogopa, wakatafuta mtu mbaya.

Nikishasema hivyo inabidi nijiseme na mimi, maana kazi yangu sasa ni kuandika habari za mahakama. Siku moja niliingia maktaba ya magazeti ya zamani nikatafuta habari ya mjomba. Ya 2010 ipo katika gazeti moja, aya nne, jina lake kamili, umri, na kichwa cha habari kikubwa kuliko habari yenyewe. Ya 2016 haipo. Nilipekua mwezi mzima wa Agosti na Septemba yote. Kwa wasomaji wa gazeti lile, mjomba bado yuko kizimbani hatakiwi kujibu chochote.

Sina wa kumlaumu, kwa sababu nimefanya hivyo hivyo mara nyingi. Mtu akifikishwa kortini ninaandika. Akihukumiwa ninaandika. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliposema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama ya mauaji kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo Agosti mwaka huo huo, magazeti yaliandika, na ni sawa. Lakini mtu anayetoka Butimba saa nane mchana na mfuko wa plastiki, anasimama barabarani hajui daladala sasa ni shilingi ngapi, huyo hana habari. Tunamtafuta mtu mbaya, tukimkosa tunafunga daftari. Wale wa Hollywood tumewazidi nini?

Wentworth Miller, aliyeigiza kama Michael, alitangaza mwishoni mwa 2020 kwamba hatamwigiza tena, kwa hiyo walichotuachia ndicho hicho. Ningepewa mimi kalamu, ile sehemu ya tisa ningeifuta, Jacob ningemwacha profesa kama alivyokuwa, kisha ningeweka viti vitatu sebuleni.

Mjomba yuko Igogo, anatengeneza simu. Hakuoa tena. Binti yake ana miaka 17, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anakuja wikiendi bila kusubiri kivuko. Yule fundi ndiye anayempa nauli ya kuja, mjomba anampa ya kurudi. Sengerema ana baba, na huku ana mtu anayemwita "baba wa Mwanza". Mara ya kwanza alipomwita hivyo mjomba aliniambia kwa simu, akarudia mara mbili kama vile sikusikia.

Naomba kutoa hoja. Kijana wa mafunzo, tukutane Jumatatu, tuendelee. Safari hii nitakaa chini.