Funguo za mtandao wa biashara yako ziko mfukoni mwa nani?

Zamani mwenye gesti katika Mji wa Kale akikosa mtandao, alikosa barua pepe tu. Leo hali ni nyingine. Mtandao ukizima, mashine ya kadi iliyounganishwa na WiFi inasimama, maombi ya vyumba kutoka ng'ambo yanakaa bila jibu, kamera za ulinzi hazionekani kwenye simu ya tajiri, na ankara za eTIMS zinarundikana. Tangu Januari 2024, KRA kwa jumla haikubali kupunguza kodi kwa gharama isiyo na ankara ya eTIMS. Mteja mwenye kampuni yake asipopata ankara ataenda kununua kwa jirani.

Ndipo linapokuja swali ninaloulizwa mara kwa mara na wafanyabiashara wa hapa Pwani: je, niajiri kijana wangu mwenyewe wa kusimamia mtandao, au niipe kampuni ya nje kazi hiyo na nilipe kila mwezi? Wengi wanalijibu kwa kuangalia bei peke yake. Mimi naona bei ni nusu ya swali, tena nusu iliyo nyepesi.

Hata hivyo tuanze na hiyo bei. Nachukua mfano wa gesti ya vyumba 20, kwa viwango vya kubuni ili hesabu ieleweke. Ukimwajiri kijana kwa shilingi 45,000 kwa mwezi, kwa mwaka umelipa 540,000. Ongeza ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 unayochangia wewe mwajiri, unafika 548,100. NSSF bado. Likizo yake kisheria si chini ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku hizo mtandao hautachukua likizo naye. Kampuni ya nje ikikutoza 15,000 kwa mwezi, pamoja na VAT ya asilimia 16 ni 17,400. Kwa mwaka ni 208,800. Tofauti ni shilingi 339,300.

Kwa gesti ya vyumba 20, basi, kumweka mtu wa mtandao peke yake ni anasa. Atakaa siku tatu akitazama taa za ruta zikimetameta, na siku ya nne ndipo patakuwa na kazi ya saa moja. Lakini ukija kwenye hospitali yenye matawi matatu, au shule yenye mamia ya wanafunzi na maabara ya kompyuta, hesabu inageuka. Hapo kazi ipo kila siku, na kumngoja fundi wa nje saa tano huku daktari hawezi kufungua faili la mgonjwa ni hasara isiyoandikika kwenye daftari.

Sasa nusu ya pili ya swali, ile nzito. Nazijua biashara kadhaa hapa Mombasa zilizogombana na kampuni zinazowahudumia, na mara zote ugomvi ulifika pale pale: mwenye mali aliomba nywila za ruta yake akaambiwa, "Hizo ni za kampuni, mama." Ruta ameinunua yeye. Kebo amezilipia yeye. Lakini funguo za kuingilia anazo mtu mwingine, na siku akitaka kubadilisha kampuni inabidi kila kifaa kifutwe na kupangwa upya. Huo ni ukuti uliofungwa shingoni mwa mnazi. Mwenye shamba haupandi tena mpaka aombe ruhusa.

Wala usidhani kuajiri mtu wako kunaondoa hatari hiyo. Kijana mmoja ndani ya ofisi, mwenye kila kitu kichwani na asiyeandika chochote, ni hatari ile ile iliyovaa kitambulisho cha kampuni yako. Akipata kazi Doha kesho, anaondoka na ramani yote. Wazee walituambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandao nao ni mali. Daftari lake ni karatasi inayoonyesha kebo ipi inatoka wapi na kwenda wapi, kifaa kipi kina nywila ipi, leseni ipi inakwisha lini, na jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa jina la nani.

Sheria nayo ina neno. Gesti inahifadhi nakala za pasipoti za wageni. Zahanati ina majina na maradhi ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema anayeamua data itumikeje ndiye mwenye jukumu, hata kama kazi ya kiufundi ameipa kampuni nyingine. Inamtaka achague mtoa huduma mwenye dhamana ya kutosha na awe na mkataba wa maandishi naye. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini ya kukiuka inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Kwa hivyo ukimwambia Kamishna, "Mimi sijui, muulizeni fundi," hujajitetea. Umekiri kuwa hukuwa ukisimamia.

Hapa Pwani tuna mambo yetu pia, ambayo mkataba ulioandikwa Nairobi hauyajui. Kuta za nyumba za Mji wa Kale, na za Lamu vilevile, ni za mawe ya matumbawe, tena nene. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini yanachoka mapema kwenye ukuta kama huo. Yale ya 2.4 yanapenya zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Fundi aliyezoea maofisi yenye kuta za mbao nyembamba atakuwekea kifaa kimoja ukumbini, mgeni wa chumba cha juu akose, kisha akuuzie intaneti ya kasi zaidi wakati shida si kasi. Chumvi ya bahari inakula viunganishi vya kebo zilizo nje bila kifuniko. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika unaunguza swichi zisizo na kinga. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani. Walioweka betri ya kuhimili ruta waliendelea kuhudumia wageni wao.

Yako pia mambo ambayo si ya fundi wa ndani wala wa nje. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Hakuna kijana wa kupanda ngazi angeziunga. Dawa ya hilo ni kuwa na njia ya pili, kutoka kwa mtoa huduma asiyepita njia moja na yule wa kwanza. Tajiri ndiye anayeamua hilo kabla ya siku mbaya, kwa kuuliza swali moja: je, laini yangu ya pili inapita wapi?

Na tukitaja nyaya hizo, nina neno la uchungu kidogo. TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ya nchi hii inaingia kwa mlango wetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kinafundisha kompyuta, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kinafundisha. Lakini hoteli ya Diani ikipata hitilafu, bado fundi anangojwa ashuke na treni kutoka Nairobi. Silisemi hili kwa ubaguzi. Nasema kwa sababu ya umbali. Fundi anayekaa Likoni anafika leo hii. Wa Nairobi anafika kesho, na nauli yake iko ndani ya ankara yako.

Ndiyo sababu naipendekeza njia ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili. Biashara 10 za mtaa mmoja, gesti, maduka ya dawa, shule ndogo, zikubaliane kuhudumiwa na timu moja ya vijana wa hapa. Kila mmoja akitoa shilingi 12,000 kwa mwezi, hiyo ni 120,000. Vijana wawili wanalipwa 45,000 kila mmoja, na 30,000 zinabaki kwa vifaa, nauli na michango ya kisheria. Kwa kuwa ni wawili, mmoja akiugua au akienda likizo mwenzake yupo. Na kwa kuwa wanaishi humu humu, jina lao linajulikana na aibu yao ni ya karibu. Kazi nzito, kama kujenga mtandao mpya wa jengo zima au kukagua usalama mara moja kwa mwaka, ipewe kampuni kubwa kwa mkataba wa kazi hiyo tu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, mambo manne yasitoke mkononi mwako. Nywila kuu za kila kifaa ziwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu yako, na zibadilishwe fundi anapoondoka. Jina la tovuti na akaunti za intaneti zisajiliwe kwa jina la biashara. WiFi ya wageni itengwe kabisa na ile ya kaunta na ya kamera. Na mkataba utaje saa: hitilafu ikiripotiwa, fundi anafika baada ya saa ngapi, na asipofika ankara inapungua kwa kiasi gani. Neno "haraka" halina saa. Mkataba wenye neno hilo urudishe ukaandikwe upya.

Kumpa mtu kazi yako ni jambo la kawaida katika biashara. Babu zetu waliwapa manahodha majahazi yao wakabaki bandarini, lakini walijua jahazi limebeba nini, limeelekea wapi na lini linarudi. Wiki hii, kabla ya kulipa ankara ya mwezi, mwite fundi wako, awe wa ndani au wa nje, umwambie: "Mwanangu, niandikie kila nywila na unichoree mtandao wangu kwenye karatasi." Akileta karatasi hiyo, mlipe na umshukuru. Akianza kuzungukazunguka, ujue kazi ya kutafuta mwingine imeanza leo.