Elimu Isiyoijua Mazuku



Jioni moja, baada ya mkutano wa shirika letu, msichana mmoja aliyemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu aliniletea silabusi yake ya kozi ya mazingira. Alikuwa amepata pointi 16 juu ya 20, na mama yake alitaka niione ili nifurahi pamoja nao. Nilifurahi kweli. Nikafungua kurasa, nikasoma habari za barafu inayoyeyuka kwenye ncha za dunia, za misitu ya Amazonia, za mikataba iliyotiwa sahihi katika miji ya mbali. Kisha nikamwuliza: «Binti yangu, na mazuku je?» Akacheka kidogo, akasema: «Mwalimu, hayo si ya kozi. Hayo ni ya kwetu nyumbani.»

Jibu lile halikunitoka moyoni. Binti yule alikuwa amefundishwa, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba elimu ni habari za mbali, na kwamba kinachomwua jirani yake hakistahili kuandikwa katika daftari.

Wasomaji wa Goma hawahitaji kuelezwa mazuku ni nini, lakini tuyaseme kwa ajili ya ndugu zetu wa majimbo mengine. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini kimya, bila rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hutulia mashimoni na mabondeni, hasa upande wa magharibi wa mji na kando ya ziwa. Mbuzi akiingia humo alfajiri, hatoki. Mtoto akishuka kumfuata, naye hatoki. Wazee walilipa balaa hilo jina kabla wataalamu hawajafika na vipimo vyao, na leo neno hilo la Kiswahili limeandikwa katika majarida ya sayansi ya dunia nzima. Maprofesa ambao hawajawahi kuonja sombe wanalitamka kwa heshima. Sisi wenyewe tumelitoa katika masomo ya watoto wetu.

Sasa tuulize swali la pili: mazuku humwua nani? Mwenye fedha hununua kiwanja mahali palipo salama, akajenga ghorofa. Asiye na kitu hukaa pale alipoachiwa. Maelfu ya watu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru walitandika mahema yao huko Bulengo na kandokando ya Lac Vert, katika ardhi inayojulikana kwa mazuku, kwa sababu ndiyo ardhi iliyobaki. Hewa ile haibagui, lakini ardhi imegawanywa kwa ubaguzi. Hapo somo la mazingira limekwisha kuwa somo la haki, nasi hatukulisogeza hata hatua moja.

Na ufaulu wa masomo? Fuateni siku moja ya mwanafunzi wa kitongoji cha pembezoni. Mji wetu umekaa ukingoni mwa ziwa kubwa, lakini bomba la mtaani ni kavu. Basi anaamka saa kumi usiku kwenda kutafuta maji na bidoni mbili. Akirudi, anawasha makala ambayo bei yake imekula nusu ya fedha za nyumba. Anakwenda chuoni kwa miguu, anafika amechoka, anakaa nyuma asikoweza kusikia. Usiku anasoma kwa taa ya simu mpaka chaji inakwisha. Matokeo yakitoka, tunasema: mtoto huyu ni mvivu. Wavivu wapo, sikatai. Ila kuna wengi walioanguka mtihani kwenye njia ya maji kabla hawajaingia ukumbini.

Ndiyo maana nasema kwamba mazingira, haki jamii na ufaulu wa masomo si kozi tatu. Hapa Goma ni kozi moja, na ingepaswa kufundishwa kama kozi moja, mapema, katika mwaka wa kwanza wa chuo.

Kanisa lilikwisha kutuonyesha njia hiyo. Papa Leo XIII, katika Rerum novarum ya mwaka 1891, alikataa kuuacha mshahara wa mfanyakazi uwe jambo la wafanyabiashara peke yao. Papa Fransisko, katika Laudato si’ ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa kwa sikio moja. Miaka minane baadaye, katika Laudate Deum, alirudia kwa ukali zaidi, kwa kuwa wengi walikuwa wamesikia na kupita. Mafundisho hayo tunayasoma katika semina zetu za walei. Ni vyuo vingapi vya mji huu vinavyoyapeleka mpaka kwenye shimo la Bulengo?

Yuko mtu atakayeniambia: «Mwalimu, huu si wakati wa kuzungumza miti na hewa. Mwezi Januari 2025 benki zilifungwa, ndege za abiria zikaacha kutua, wazazi wakashindwa kulipa minervali. Mpe kijana kazi kwanza.» Ndugu huyo anasema kwa uchungu, na uchungu wake ni wangu pia. Lakini namwomba akumbuke tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ile bila onyo, na lava ikashuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye mitaa kumi iliamriwa kuhama, na tukawaona wazee wakibebwa mgongoni kwenye njia ya Sake. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma kilikuwa kimepungukiwa na fedha, hata intaneti ya kupokelea vipimo ikakatika. Wataalamu walikuwapo. Mlima ulikuwapo. Kilichokosekana ni jamii inayoona kwamba kipimo cha volkeno ni suala la uhai wa maskini, na kwamba fedha yake hailetwi na wafadhili peke yao. Mji ambao lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliupasua katikati, ikalifunika hata kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, ulipaswa kuwa umejifunza hilo.

Tena, vita vyenyewe vinakula mazingira, na mazingira yanalisha vita. Mbuga ya Taifa ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Imetimiza miaka mia moja katikati ya milio ya risasi. Zaidi ya walinzi wake 200 wameuawa kazini. Sehemu kubwa ya makala yanayopikia mji wetu hutoka ndani yake, na wenye silaha hutoza ushuru kila gunia. Mama anayenunua makala hana kosa. Watoto wake lazima wale. Lakini msomi asiyeweza kueleza safari ya gunia lile, kutoka mtini mpaka jikoni, na nani amefaidika kila mahali lilipopita, amesoma nini? Chini ya Ziwa Kivu kuna hewa ukaa ipatayo kilomita za ujazo 300 na methani ipatayo 60. Humo mna hatari na humo mna moto wa kupikia. Nani atakaa mezani siku ya kuamua juu yake, kama vijana wetu wanajua Amazonia na hawajui ziwa walilobatizwa kando yake?

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi. Kozi ya haki haiwezi kufundishwa mahali ambapo haki inauzwa mlangoni. Namfahamu kijana ambaye jina lake lilikosekana kwenye orodha ya pointi kwa sababu hakuwa amenunua silabusi. Mtihani alikuwa ameufanya, na aliufanya vizuri. Nawafahamu wazazi waliouza mbuzi ili «wamwone mwalimu». Na mabinti wengi wa nchi hii wanajua wanaombwa nini badala ya pointi, hata tumelitungia jambo hilo jina la mzaha, tukacheka, badala ya kulia.

Sitaki kuwarushia walimu mawe; mimi ni mmoja wao. Wapo wengi wanaofundisha miaka bila namba ya serikali na bila mshahara, wanaoishi kwa silabusi wanazouza, na bado wanatoa pointi kwa haki. Hao ni mashahidi wa kweli. Ila dhuluma aliyotendewa mwalimu isiwe ruhusa ya kumdhulumu mwanafunzi. Anayenunua pointi leo ndiye atakayeuza sahihi yake kesho.

Neno sahihi linanikumbusha mwana wa mji huu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei wa Jumuiya ya Sant’Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, hapa mpakani. Vyakula vilivyooza vilipoletwa vipitishwe, alipewa fedha akakataa. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tumtazame vizuri. Kwanza alipaswa kujua kazi yake, maana huwezi kukataa chakula kibovu kama huwezi kukitambua: huo ndio ufaulu wa masomo. Pili, aliona kwamba sumu ile ingeishia katika sahani ya maskini: hiyo ndiyo haki jamii. Tatu, alilinda kile kinachoingia katika ardhi yetu na miili yetu: hayo ndiyo mazingira. Mtihani wake ulikuwa mmoja, nao hakuufanyia ukumbini. Ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aulizwe: «Ungekuwa mahali pake, ungetia sahihi?»

Basi, tufanye nini? Kwa viongozi wa vyuo ombi langu ni dogo. Mageuzi ya mfumo wa LMD, yaliyoanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, yanataka mwanafunzi afanye kazi mwenyewe, asikariri tu. Yatumieni. Nusu ya pointi za kozi hii itoke mtaani: mwanafunzi apime umbali wa maji, aandike mahali palipo na mazuku, afuatilie gunia la makala au takataka zinazoishia ziwani, kisha arudi kuwaeleza wakazi kwa Kiswahili kile alichoandika kwa Kifaransa. Na katika wiki za kwanza afundishwe namna ya kusoma kitabu, kuandika hoja na kupanga muda. Hilo pia ni haki, kwa sababu mtoto wa tajiri alikwisha kufundishwa nyumbani.

Kwetu sisi walei, tusingoje barua kutoka juu. Ukumbi wa parokia unaolala tupu usiku, na wenye taa ya jua, uwe mahali pa kusomea. Kila shirika lijue wanafunzi wake kwa majina, kama tunavyowajua wagonjwa. Silabusi moja inunuliwe kwa mchango, isomwe na wengi. Na sisi wazazi tuache kwenda «kumwona mwalimu» na bahasha, hata kama mtoto atarudia mwaka. Ni afadhali mwaka upotee kuliko dhamiri.

Yule binti wa pointi 16 alirudi kwangu baada ya majuma mawili. Akaniuliza: «Mwalimu, nikitaka kuandika juu ya mazuku, nianzie wapi?» Nikamwambia aanzie kwa bibi yake. Bibi alimtajia mashimo matatu ya mtaa wao, na katika moja alikufa mtoto wa jirani ambaye jina lake halikuwa limeandikwa popote. Sasa limeandikwa. Pointi hatapata, maana kazi ile haikuagizwa na mtu. Lakini watoto wa mtaa ule wanajua pasipoendwa alfajiri.

Mwenyeheri Floribert, mwana wa Goma, uwaombee wanafunzi wetu, walimu wao na sisi wazazi.